Kuipeleka familia msitu wa Amani: siku tatu, hatua kwa hatua

Mara ya kwanza tulipopanda Amani tulikosea karibu kila kitu. Tulichelewa kutoka Dar, tukaanza kupanda mlima giza likiingia na mvua ikinyesha, na watoto tulikuwa tumewaahidi "wanyama". Mtoto wetu wa kiume, wakati huo ana miaka sita, aliamka asubuhi akatoka barazani, akaangalia miti kushoto na kulia, akauliza: "Baba, tembo wako wapi?" Kufika saa sita mchana tulikuwa tumeshapakia mizigo tunashuka.

Tangu hapo tumerudi mara nne, mara mbili tukiwa na mama yangu mzazi. Hakuna likizo nyingine ambayo watoto wangu wanaiulizia kama hii. Mlima ni ule ule. Tulichobadilisha ni namna ya kujiandaa, na ndiyo nataka kukueleza hapa kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Waeleze nyumbani mnakwenda kuona nini

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na inafanyika sebuleni wiki mbili kabla ya safari. Msitu si mbuga. Ukiwa Mikumi unakaa garini na twiga anakuja mbele yako. Amani hakuna kinachokuja mbele yako. Lazima usimame, unyamaze, uangalie jani moja mpaka jani ligeuke kuwa chura.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini, ina zaidi ya hekta 8,000 na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita kule Kenya ukateremka hadi Udzungwa. Kwa mamilioni ya miaka upepo wa Bahari ya Hindi umekuwa ukiiletea mvua, hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikauka. Ndiyo maana kuna viumbe humu ambavyo huvikuti kwingine duniani. Ila karibu vyote utakavyoviona ni vidogo: kinyonga, vyura, ndege aitwaye chozi wa Amani, vipepeo, na lile ua dogo la zambarau, Saintpaulia, ambalo Wazungu wanalifuga madirishani. Wanyama wa kuonekana kwa urahisi ni mbega na kima, nao wako juu mitini.

Sisi tunampa kila mtoto daftari dogo na penseli. Kazi yake ni kuandika au kuchora vitu ishirini vidogo kuliko kiganja chake. Mbinu hii inafaa kuanzia miaka mitano hivi. Mdogo zaidi ya hapo mwache aokote majani yaliyoanguka na mawe ya njiani, acheze nayo, kisha ayaache pale pale.

Kama mnaishi Tanga mjini, mna jambo moja zaidi la kuwaambia watoto. Maji ya bombani kwenu yanatoka Bwawa la Mabayani, na bwawa hilo linajazwa na Mto Zigi, ambao chimbuko lake liko kwenye misitu hii hii. Mtoto aliyezoea kufungua bomba ataukanyaga mto huo kwa miguu yake.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Machi hadi Mei ni masika. Usiende na watoto. Barabara inateleza, njia za msituni ni tope tupu, na mvua inaweza kuwafungia ndani siku nzima. Vuli, Oktoba hadi Desemba, ni nafuu kidogo lakini ni bahati nasibu. Januari na Februari ni wakati mzuri. Juni hadi Septemba ndio wakati wetu: shule zinafungwa katikati ya mwaka, machungwa ya Muheza yanaanza kujaa, na ubaya pekee ni baridi. Huko juu ni zaidi ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, na Julai usiku mtu wa Dar anatetemeka. Hata kiangazi mvua inaweza kunyesha, maana ni msitu wa mvua.

Hatua ya 3: Chagua pa kulala

Mna sehemu mbili za kufikiria. Zigi iko chini, kwenye lango, chini ya mita 500, penye joto na mto karibu. Pale palikuwa stesheni ya mwisho ya reli ndogo ya Wajerumani iliyotoka Tengeni kubeba mbao, na jengo la zamani bado lipo, limekuwa kituo cha taarifa cha hifadhi. Ya pili ni Amani yenyewe, juu, kilomita kama kumi za kona kutoka Zigi. Huko kuna nyumba za wageni za hifadhi, bustani ya mimea na kijiji. Zipo pia kambi na loji za watu binafsi pembezoni mwa msitu.

Ukiwa na mzee au mtoto mchanga, lala juu siku zote mbili. Mama yangu magoti yanamsumbua, lakini barabara za kuzunguka bustani anazimudu polepole na fimbo yake, na kahawa anainywa barazani huku mbega wakiruka mtini ng'ambo ya uwanja. Familia ya vijana watupu ilale usiku mmoja juu, mmoja Zigi.

Piga simu kabla, uulize bila haya: Vyandarua vipo na havina matundu? Umeme unakatika saa ngapi? Maji ya moto yanapatikanaje? Mpishi yupo, na anahitaji kuambiwa mapema kiasi gani? Nyumba nyingi za huku hupikia mnaoagiza tu, kwa hiyo ukifika saa moja usiku na watoto wenye njaa bila kuagiza, mtasubiri kuku akamatwe kwanza.

Na kuhusu loji zinazojiita rafiki wa mazingira, kibao cha getini hakinitoshi. Huwa nauliza mambo matatu: taka za plastiki zinakwenda wapi, maji yanachemshwa kwa kuni zilizotoka wapi, na wafanyakazi wametoka kijiji gani. Mwenye loji inayojali atakujibu papo hapo, maana hayo ndiyo anayoyawaza kila siku. Akibabaika, tafuta kwingine. Msitu huu unalindwa na watu wanaoishi kandokando yake, Washambaa na wenzao waliofuata kazi za chai, na kama fedha yako haiwafikii wao sioni umeusaidiaje msitu.

Hatua ya 4: Malipo

Kiingilio hulipwa kwa mtu kwa siku, Mtanzania na mgeni wa nje kila mmoja kwa kiwango chake, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa. Malipo ya hifadhi yanapita kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki. Mtandao wa simu msituni unakuja na kupotea, basi omba namba hiyo ukiwa bado Muheza mjini kama inawezekana. Mwongozaji, chakula na ununuzi wa kijijini ni fedha taslimu. Beba noti ndogo ndogo.

Hatua ya 5: Mzigo

Kila mtu awe na sweta, koti la mvua, suruali mbili ndefu na soksi ndefu. Soksi zina kazi yake: njia za msituni zina siafu, na suruali ikichomekwa ndani ya soksi unaweza kuruka msafara wao bila kilio. Viatu ni raba zenye meno chini, au mabuti ya mpira kwa watoto, ambayo Muheza sokoni yanapatikana kwa bei nzuri. Usibebe viatu vipya ambavyo havijazoea mguu.

Tochi kila mtu na yake. Usimnyime mtoto tochi, utaona sababu mbele. Ongeza betri za akiba, pawabenki, dawa ya kufukuza mbu, dawa ya kuhara, plasta, na dawa za kawaida za kila mmoja. Amani ilikuwa kituo cha utafiti wa malaria kwa miaka mingi, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake huko mpaka leo. Juu mbu ni wachache kuliko chini, lakini chandarua ni lazima kote. Ukiwa na mjamzito au mtoto mdogo, ongea na daktari wako kabla.

Redio ya muziki iacheni nyumbani.

Hatua ya 6: Njia

Kutoka Dar ni Chalinze, Segera, kisha kulia mpaka Muheza, zaidi ya kilomita 300. Kutoka Tanga mjini ni mwendo mfupi tu. Muheza unaiacha lami kuu, na kutoka hapo ni kilomita 35 hivi hadi Amani.

Sheria yetu ya nyumbani ni moja: Muheza tuwe tumeiacha kabla ya saa nane mchana. Ukikuta umechelewa, lala Muheza au Tanga, upande asubuhi. Ile safari ya kwanza tulinasa kwenye kona ya tatu baada ya Zigi, giza, gurudumu la nyuma linazunguka bure kwenye utelezi, mke wangu amewakumbatia watoto kiti cha nyuma. Vijana sita waliokuwa wanatoka shambani wakatusukuma. Sitaki familia yako ipitie hilo kwa sababu ya kuchelewa kifungua kinywa.

Gari dogo hupanda kiangazi ukiwa na dereva mtulivu. Mvua ikiwa imenyesha, tafuta gari la juu linaloendesha magurudumu yote manne. Waulize madereva wa stendi ya Muheza hali ya barabara siku hiyo hiyo, wao ndio wanaojua. Kwa usafiri wa umma, mabasi mengi ya Tanga yanapita Muheza, na kutoka pale magari ya kupanda Amani kwa kawaida huondoka mchana na kushuka alfajiri. Kwenye kona, piga honi, ingiza gia nzito, na mwenye kupanda apishwe.

Muheza nunua machungwa ya kutosha, maji ya kunywa, mkate na fenesi kama ni msimu wake. Lishe watoto hapo. Kona za juu zinachafua tumbo, basi anayetapika akae mbele.

Hatua ya 7: Jioni ya kwanza, msifanye kitu

Mkishafika, shusheni mizigo, agizeni chakula jikoni, kisha kaeni barazani. Najua umeendesha saa saba na unataka "kuanza". Subiri. Masikio ya watu wa mjini yanahitaji jioni nzima kuzoea.

Mara jua likizama utasikia ndege wakinyamaza kundi kwa kundi na vyura wakipokea. Baadaye, labda saa mbili au tatu usiku, inaanza sauti nyingine. Kwanza ni kama mlango mkavu unaofunguliwa polepole, tena, tena, kwa haraka zaidi, mpaka inakuwa ukelele wa mtu anayeumizwa juu ya mti. Mara ya kwanza binti yangu alikimbilia kitandani kwetu, na mimi mwenyewe sikulala.

Ni perere. Mnyama mwenye manyoya, ukubwa wa sungura, anaishi juu mitini na kula majani. Waambie watoto mapema, kabla ya giza, ili sauti ikija wawe wanaisubiri. Na ongeza lile ambalo mwongozaji wetu, mzee wa makamo ambaye watoto wanamwita babu, alimwambia mwanangu safari ya pili: "Wewe si ulikuwa unatafuta tembo? Huyo ni ndugu yake." Ni kweli kabisa, kwa mujibu wa wanasayansi wa wanyama ndugu wa karibu wa perere na pimbi ni tembo na nguva. Mtoto alikaa dirishani na daftari lake hadi usingizi ukamchukua.

Hatua ya 8: Siku ya pili ni ya kutembea

Ondokeni saa moja asubuhi, mkiwa na mwongozaji. Usijaribu kuokoa fedha hapa. Bila mwongozaji mtaona miti. Yeye anaijua ile miti kwa majina, anajua mwamba upi wenye kivuli una maua ya Saintpaulia, na nyoka aliyejilaza kwenye majani makavu anamwona kabla yenu. Mwambie wazi: "Tuna mtoto wa miaka saba na bibi, tunataka mwendo wao." Njia ni nyingi. Kilima cha Mbomole kinafaa watoto wenye nguvu, na juu yake, ukungu ukitoka, unaona mashamba ya chai na msitu vilivyopakana.

Hilo ua lina kisa cha kuwasimulia watoto mkiwa mmechuchumaa mbele yake. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikusanya huku akapeleka Ujerumani. Likapewa jina lake, na leo linauzwa kwenye vyungu maduka ya maua ya Ulaya na Marekani. Kwao, hapa, linaota kwenye ufa wa mwamba wenye unyevu, na likikatiwa kivuli chake linakauka. Binti yangu aliuliza kama tunaweza kuchukua moja. Babu akamwonyesha mizizi ilivyoshika vumbi jembamba la jiwe, akamwacha afikirie mwenyewe.

Mchana ni bustani ya mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Hapa bibi naye anashiriki, tena kwetu anakuwa ndiye mwalimu. Watoto wanavunja jani la mdalasini wananusa, wanakuta mkafuri, mianzi minene kuliko mapaja yao, na mkwinini, ambao gome lake ndilo lililotengenezewa dawa ya malaria. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipofungiwa njia za baharini, kwinini yao ilitengenezwa hapa hapa Amani.

Waonyeshe watoto na upande wa pili wa bustani hii. Mti mrefu wenye gome la kijivu ambao babu atawaonyesha, Maesopsis eminii, si wa huku. Uliletwa kupandwa, hondohondo wakapenda matunda yake, wakatapanya mbegu msituni, na sasa umeshika mahali ambapo miti ya asili ingeota. Watoto wanaelewa haraka kuliko wakubwa: ndege hana kosa, mti hauna kosa, na bado msitu umebadilika.

Rudini mle, mlale kwa muda wa saa moja. Usiku ndio wenyewe.

Matembezi ya usiku panga na mwongozaji tangu asubuhi, yaanze saa moja na nusu usiku, yasizidi muda wa saa moja. Tembeeni barabarani tu, mstari mmoja. Kila mtoto na tochi yake, anamulika ncha za matawi kwa urefu wa kifua chake. Kinyonga akilala anapauka, na mwanga ukimpiga anang'aa kama kipande cha karatasi kilichonasa kwenye majani.

Aliyemwona wa kwanza ni binti yangu. "Babu, kuna kitu!" Tukasogea. Alikuwa dume la kinyonga wa Usambara mwenye pembe tatu, zimetoka usoni kama vijiti vya kufumia, macho yamefunga, mkia umejikunja sawasawa na dawa ya mbu ya kuchoma. Vidole vyake vilikuwa vimeshika kitawi chembamba kama penseli. Jicho moja likafunguka tundu la sindano, likazunguka, likatutazama, likafunga tena. Mama yangu, ambaye maisha yake yote amemwogopa kinyonga kama tulivyofundishwa wengi, alikuwa amebaki nyuma. Alisogea hatua mbili. Akanong'ona, "Kumbe analala kama mtoto." Babu akasema, "Mama, sasa tuzime tochi, tumwachie usiku wake."

Hiyo ndiyo kanuni: kumulika kwa muda mfupi, kutomshika, kutolitikisa tawi. Ukimwangusha usiku hana pa kujificha.

Mkirudi, vueni nguo zote, mwogeshe mtoto ukikagua kwapa, nyuma ya masikio na kiunoni, maana kupe wapo. Ukimkuta, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumkamua.

Hatua ya 9: Siku ya tatu, kushuka

Asubuhi piteni kijijini. Nunueni iliki, pilipili manga na mdalasini kwa wakulima wenyewe. Kuna pia wanakijiji wanaofuga vipepeo kwenye vyandarua vikubwa. Walikuwa wakiuza buu waliojifunga kwa maonyesho ya nje, mpaka serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Uliza kama siku hiyo wanapokea wageni. Kwa watoto, kipepeo anayetoka kwenye gamba lake akining'inia kukausha mbawa anatosha kabisa.

Njia ya kurudi simameni Zigi. Watoto wavue viatu waingie mtoni pale mwongozaji anaporuhusu, maji yanapofika vifundoni tu, na mkubwa mmoja asimame upande yanakoelekea maji. Mwanangu huwa anatupa jani na kulikimbilia ukingoni, akisema linakwenda Tanga.

Taka zote shukeni nazo, hata maganda ya machungwa, mkazitupe Muheza. Amkeni mapema: ukiondoka Zigi saa nne asubuhi, jua halitazama mkiwa barabarani.